Makosa ya tovuti yasibebeshwe mwananchi

Mtoto anayeangusha kikombe jikoni hamwambii mama yake, "Nimevunja kikombe." Husema, "Kikombe kimevunjika." Hajafundishwa sarufi na mtu yeyote, lakini amekwisha kugundua faida ya kile ambacho sisi walimu wa lugha tunakiita kauli ya kutendeka. Tendo linatajwa, vigae vinaonekana sakafuni, ila mtendaji hayupo. Mama aliyelea watoto haridhiki na sentensi hiyo. Huuliza swali moja tu: "Nani amekivunja?"

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, Serikali yetu, kaunti na mashirika mengi yamekuwa yakihamishia huduma zao katika mtandao. Mnamo Juni 30, 2023, Rais William Ruto alizindua rasmi zaidi ya huduma 5,000 katika mfumo wa eCitizen. Hapana shaka hatua hiyo imewaokolea watu wengi nauli na siku za kazi. Mkazi wa Mutomo au wa Kibwezi aliyekuwa akilazimika kufunga safari ya Nairobi kwa ajili ya karatasi moja, leo aweza kuiomba akiwa karibu na kwake. Hata hivyo, pamoja na huduma hizo imetujia lugha mpya, nayo ni lugha ya yule mtoto wa kikombe. "Hitilafu imetokea." "Ombi halikukamilika." "Ukurasa haupatikani." Ziwe zimeandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, sentensi hizi zina umbo moja: hazina mtendaji. Na pale ambapo mtendaji hatajwi, lawama humwangukia aliye karibu, naye ni mwananchi aliyeketi mbele ya tarakilishi.

Ninalizungumza jambo hili kwa sababu liliwahi kubisha hodi nyumbani. Mpwa wangu alikuwa akiomba ufadhili wa masomo kupitia tovuti ya ofisi moja ambayo jina lake si muhimu hapa. Ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea maombi, nami nilimsindikiza hadi kwenye saiba moja mjini Wote. Alijaza fomu kwa uangalifu, akabonyeza kitufe cha kutuma, akaambiwa kwamba hitilafu imetokea. Akajaza upya. Hitilafu ikatokea tena. Mara ya tatu alinitazama machozi yakimlengalenga, akaniuliza, "Mjomba, nimekosea wapi?"

Mhudumu wa saiba hiyo, kijana mzaliwa wa Kitui aliyesomea mambo ya tarakilishi na bado akitafuta kazi, aliinama akabonyeza kibonye kimoja. Upande wa chini wa skrini pakafunguka dirisha lililojaa mistari, na mmoja katika mistari hiyo ulikuwa mwekundu. Aliusoma, kisha akasema, "Mwalimu, huyu mtoto hajakosea. Kosa liko kwao." Mstari ule ulikuwa na nambari 500.

Tulitoka pale tukijua ukweli, lakini hatukuwa na cha kuuthibitisha. Siku iliyofuata dirisha la maombi lilikuwa limefungwa. Tulipopiga simu tuliambiwa kwamba rekodi zinaonyesha binti huyo hakuwahi kuomba. Kwa maneno mengine, kikombe kilivunjika, na aliyekuwa karibu nacho ndiye aliyeadhibiwa.

Msomaji huenda akauliza nambari hiyo ilitoka wapi na ina maana gani. Kila tunapobonyeza kitufe katika ukurasa, kivinjari, yaani ile programu inayotufungulia kurasa za wavuti, hutuma ombi kwa seva, ambayo ni tarakilishi iliyo mbali inayotoa huduma. Seva hujibu, na jibu lake huanza na nambari ya tarakimu tatu. Utaratibu huu umekuwapo tangu miaka ya 1990 na unafuatwa ulimwengu mzima. Nambari zinazoanza kwa 2 zina maana kwamba ombi limepokewa na kufaulu. Zinazoanza kwa 4 zina maana kwamba seva inaona kasoro katika ombi lenyewe: 404 ni kutafuta kitu ambacho hakipo mahali hapo, 403 ni kukatazwa kukiona. Zinazoanza kwa 5 zina maana kwamba ombi lilifika lakini upande wa seva ndio ulioshindwa.

Tazama basi ajabu hii. Sentensi wanayoandikiwa wananchi imemficha mtendaji, ilhali nambari wanayoandikiana mashine inamtaja bila kigugumizi. Ukweli umo ndani ya ukurasa uleule, ila umewekwa mahali ambapo mtu wa kawaida hapatazami.

Watu wa Kitui na Makueni hawahitaji kufundishwa kwamba kinachoonekana juu si kila kitu. Wakati wa kiangazi mto Tiva na mto Kaiti huwa mchanga mtupu machoni pa mgeni. Mwenyeji huchukua jembe na kibuyu, akachimba, na baada ya muda akateka maji. Ukurasa wa wavuti nao ni mchanga wa namna hiyo. Chini ya maandishi na picha kuna maombi yanayokwenda na majibu yanayorudi, mengine yakifaulu na mengine yakianguka. Kinachohitajika ni jembe.

Jembe lenyewe si geni. Wahandisi wa programu wana kazi wanayoiita kuondoa wadudu, yaani kutafuta chanzo cha hitilafu na kuirekebisha. Mojawapo ya visa vinavyosimuliwa sana ni cha Septemba 9, 1947, ambapo mafundi wa tarakilishi ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimkuta nondo amenasa ndani ya mtambo. Neno mdudu lilikuwa likitumiwa na mafundi hata kabla ya hapo, lakini kilichonivutia mimi katika kisa hicho ni jambo walilolifanya baadaye. Walimchukua nondo yule, wakambandika kwa utepe katika daftari la kazi, wakaandika saa na mahali alipopatikana. Hawakuridhika kumwona tu. Walihifadhi ushahidi.

Katika mwaka wa 2006 Joe Hewitt alitoa Firebug, kiendelezi cha kivinjari cha Firefox kilichomwezesha mtu kutazama ukurasa unavyofanya kazi ungali wazi mbele yake. Kiendelezi ni programu ndogo inayopachikwa katika kivinjari ili kukiongezea uwezo. Siku hizi vivinjari vikubwa vina zana za aina hiyo ndani yake, na katika tarakilishi nyingi hufunguliwa kwa kubonyeza F12, kama alivyofanya yule kijana. Ila zana hizo zimetengenezwa na wahandisi kwa ajili ya wahandisi wenzao. Mzee wa Mbooni anayefuatilia hatimiliki ya shamba lake hawezi kujua afanye nini na mistari mia mbili ya herufi na nambari.

Kijana wetu wa saiba aliliona pengo hilo. Miezi michache baada ya mkasa wa mpwa wangu alinijia akiwa na kiendelezi alichokuwa akikiunda usiku, baada ya kufunga kazi. Alinieleza kwamba ujenzi wake haukuwa mgumu kama nilivyodhani. Kuna hati moja ya utangulizi inayotangaza jina la kiendelezi na ruhusa kinazoomba. Kuna sehemu inayosikiliza maombi na majibu ya ukurasa. Kuna sehemu ya kunasa malalamiko ambayo programu za ukurasa hutoa zinapokwama. Kisha kuna kidirisha kinachomwonyesha mtumiaji yaliyojiri: ombi lilitumwa saa ngapi, kwa anwani gani, lilichukua sekunde ngapi, lilirudi na nambari gani, na ukurasa ulikula kiasi gani cha bando. Mwishoni kuna kitufe cha kuyahifadhi yote hayo katika ukurasa mmoja unaoweza kuchapishwa. Huo ndio nondo uliobandikwa daftarini.

Hakuja kwangu kutafuta fedha wala sifa. Alitaka maneno. Viendelezi huweka maandishi ya kila lugha katika folda yake, na lugha hutambulishwa kwa alama maalumu: Kiswahili ni sw, Kikamba ni kam. Alikuwa ameijaza folda ya Kiswahili kwa kutafsiri Kiingereza neno kwa neno, akapata "kosa la ndani la seva". Nilimwambia kwamba hiyo si sentensi, ni kichwa cha habari kisicho na habari. Nikapendekeza: "Seva imeshindwa. Wewe hukukosea." Naye akanisahihisha, na nakiri alikuwa na haki. Alisema kwamba kiendelezi hakiwezi kuapa kuwa mtumiaji hakukosea. Kinaweza tu kusema kilichoonekana. Baada ya kujadiliana tuliafikiana: "Seva ilipokea ombi lako, ikashindwa kulishughulikia." Mtendaji yupo, kitenzi kipo, na hakuna uongo.

Nambari zinazoanza kwa 4 zilitushughulisha zaidi. Mtu aweza kudhani kwamba zote ni makosa ya mwananchi, kumbe wakati mwingine ni ukurasa wenyewe ulioliharibu ombi kabla ya kulituma, kwa mfano kwa kugeuza mpangilio wa siku na mwezi katika tarehe ya kuzaliwa. Fauka ya hayo, kuna kurasa zenye hila zaidi, ambazo hurudisha nambari 200 ya kufaulu huku zimebeba ndani yake habari za kushindwa. Kwa hivyo chombo cha aina hii hakiwezi kuwa hakimu. Ni shahidi aliyekuwapo, aliyetazama saa, na aliyeandika alichokiona. Penye mabishano kati ya mwananchi na ofisi, shahidi wa namna hiyo ndiye tuliyemkosa siku ile Wote.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zina uzito. Hoja ya kwanza ni kwamba jicho linaloona kila kitu katika ukurasa litaona pia nambari ya siri, nambari ya kitambulisho na maradhi ya mtu. Hili ni kweli tupu. Mnamo Julai 2019 ilifichuliwa kwamba viendelezi kadhaa vya vivinjari vya Chrome na Firefox vilikuwa vikikusanya taarifa za kurasa zilizotembelewa na watu wapatao milioni nne, na taarifa hizo zikawa bidhaa. Waliovipachika walidhani wamejipatia msaidizi, kumbe wamemkaribisha mpelelezi sebuleni. Nasi Kenya tuna Kifungu cha 31 cha Katiba kinacholinda faragha, pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Mwenye kuunda chombo cha kuwakagua wengine hana budi kuanza kwa kujikagua mwenyewe.

Masharti niliyompa kijana yule, na ambayo ningependa kila muundaji ayazingatie, ni matatu. Mosi, kumbukumbu zibaki ndani ya tarakilishi ya mtumiaji, zisitumwe popote ila kwa mkono wake mwenyewe. Pili, kiendelezi kiombe ruhusa ya kutazama ukurasa ule tu ambao mtumiaji ameamua ukaguliwe, na kwa muda huo tu. Tatu, yaliyojazwa katika fomu yafutwe kabla ya kuhifadhiwa, kwa kuwa ushahidi tunaoutaka ni wa mwenendo wa seva, wala hatuna haja ya kujua siri za mwombaji. Sharti hili la tatu ni la lazima zaidi katika saiba, ambapo tarakilishi moja hutumiwa na watu hamsini kwa siku.

Hoja ya pili ni ya sheria. Je, si udukuzi huu? Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018 inaharamisha kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini na kuuvuruga. Ni sawa kabisa iwe hivyo. Hakuna aliyesahau Julai 2023, huduma za eCitizen zilipolemewa kwa mashambulizi ya mtandaoni na wananchi wakakwama kwa siku kadhaa. Lakini kuvunja mlango wa seva ni jambo moja, na kusoma barua ambayo seva yenyewe imekuletea katika kivinjari chako ni jambo jingine. Anayesoma barua aliyoandikiwa si mwizi.

Naitaja tofauti hii kwa sababu woga umewaingia vijana wetu. Mnamo Mei 30, 2025, mtunzi mmoja wa programu alikamatwa jijini Nairobi kwa kuunda ukurasa uliowarahisishia wananchi kuwatumia wabunge maoni yao kuhusu Mswada wa Fedha. Alishtakiwa chini ya sheria hiyo ya 2018, na tarehe 20 Juni mahakama ya Milimani ikaamua kwamba mashtaka hayo hayakuonyesha kosa lolote. Uamuzi huo ulileta faraja, ila siku alizokaa korokoroni hazikurudishwa. Kijana wetu wa Kitui alipoisikia habari ile alikiweka kiendelezi chake kando kwa muda mrefu. Taifa linalowatisha wenye majembe lisishangae likifa kiu kando ya mto.

Na hapa ndipo ninapotaka kuziomba serikali za kaunti hizi mbili zikumbuke historia yao. Makueni ilijijengea jina, hasa wakati wa Gavana Kivutha Kibwana kati ya 2013 na 2022, kwa kuwashirikisha wananchi katika kuisimamia miradi. Palipojengwa zahanati au bwawa, kamati ya wakazi wa mahali hapo ilikagua kazi na kutia sahihi kabla mwanakandarasi hajalipwa. Mkulima asiyejua uhandisi aliweza kuona ufa ukutani na akausema. Katika mwaka wa 2019 kaunti hiyo ilikwenda mbele zaidi, ikafungua tovuti ya kuonyesha zabuni na kandarasi zake hadharani. Swali langu ni jepesi. Ikiwa ukuta wa zahanati hukaguliwa na wananchi, kwa nini ukurasa wa wavuti uliogharimiwa kwa kodi zao usikaguliwe? Huo nao ni mradi wa umma. Una mwanakandarasi, una malipo, na una nyufa. Tofauti ni kwamba nyufa zake zinahitaji miwani.

Napendekeza basi kwamba kila kandarasi ya kuunda tovuti ya kaunti iwe na sharti la lugha. Ukurasa unapokwama, umwambie mwananchi, kwa Kiswahili sanifu na ikiwezekana kwa Kikamba pia, ni nani aliyeshindwa, saa ngapi, na nambari ya kumbukumbu ni ipi. Kiswahili ni lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba, hatuombi hisani. Napendekeza pia kwamba kumbukumbu ya kiendelezi cha namna niliyoieleza ipokewe na ofisi kama msingi wa kuchunguza malalamiko, na pale itakapobainika kwamba seva ndiyo iliyoshindwa siku ya mwisho, muda uongezwe kwa wote. Ofisi zina kumbukumbu zao upande wa seva. Kulinganisha hizo mbili ni kazi ya dakika chache ikiwa nia ipo.

Vyuo navyo vina wajibu. Kaunti ya Kitui ina chuo kikuu kizima pale Kwa Vonza. Kaunti ya Makueni ina Konza, mji wa teknolojia ambao Rais Mwai Kibaki aliuwekea msingi mnamo Januari 2013, na ambao leo una kituo cha taifa cha kuhifadhi data. Itakuwa kinaya kikubwa ikiwa seva zitanguruma Malili huku binti wa Wote akilia katika saiba bila kujua nani kamkosea. Mwanafunzi wa tarakilishi afundishwe kuunda vyombo vya kukagua kurasa, na akae darasa moja na mwanafunzi wa isimu angalau kwa muhula mmoja. Wa kwanza anajua hitilafu ilipo. Wa pili anajua namna ya kuisema ili ieleweke. Nasi wanaisimu tuache kungojea istilahi zishuke kutoka kwenye makongamano. Istilahi nzuri niliyoipata mwaka huu niliipata juu ya meza ya saiba, kutoka kwa kijana aliyenikataza kusema uongo kwa niaba yake.

Ofisi ziache pia mazoea ya kudhani kwamba mlalamishi ni mjinga wa mitambo. Wengi ni wajinga wa mitambo, naam, nami ni mmoja wao. Lakini kutojua mitambo si kosa la kumnyima mtu haki yake.

Mpwa wangu aliomba tena mwaka uliofuata, akapata, na sasa anasoma. Amepoteza mwaka mmoja ambao hakuna aliyekiri kuuchukua. Kijana wa Kitui amerudia kazi yake, na kiendelezi chake kiko katika tarakilishi nne za saiba ile, kikiandika yale kinachoyaona.

Wahenga walisema kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Wakulima wa Ukambani, ambao mbaazi ni chakula chao na biashara yao, wanalijua jua na wanaijua mimea. Hawaudanganyiki mti ukilalamika. Huinama, wakafukua udongo, wakatazama mizizi.